Nilivyokwama Magadi na Gunia la Nyasi

Kisa hiki huwa sikisimulii mbele ya watu wa Magadi, maana wao wanakijua kuliko mimi na kila mmoja hukiongezea tope kidogo. Ninyi nawaambia kwa hiari yangu. Chekeni mmalize leo leo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili hivi, wakati hata wachungaji walikuwa wameanza kushika simu za mkononi. Mimi shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nikawa mtu wa kuhamahama: Kitengela nimechimba mashimo ya nguzo za uzio, Kajiado nimeosha matumbo ya mbuzi kichinjioni, halafu nikasikia kwamba Magadi kuna kina mama wanang'oa mathenge, nikaenda tu kuona (mimi ukiniambia kuna kitu sijakiona, nimeshafunga mzigo). Mathenge ni ule mti wa miiba ulioletwa na sifa nyingi, kisha ukataka kumeza ukingo wote wa ziwa, pale chemchemi za chumvi zinapotokea na zamani kulikuwa na nyasi fupi ambazo ng'ombe walizipenda sana. Kina mama waliung'oa na mizizi yake, wakazungushia uzio, na sasa walikuwa wanarudisha zile nyasi, kishina kwa kishina.

Lakini ukame ulikuwa umebana, na wenye mifugo walitaka uzio utolewe. Siku hiyo wazee walikuwa wanakuja kuangalia. Wakikuta kumepandwa na ardhi ina uhai, pabaki pamefungwa. Wakikuta vumbi, ng'ombe waingie. Na gunia la mwisho la vishina, limeloweshwa vizuri, lilikuwa begani mwangu.

Mama Sein, mwenyekiti wao, kabla ya kutangulia ng'ambo na wenzake aliniambia wazi, "Zunguka na njia ya mawe. Hapo peupe usipite."

"Sawa mama," nikasema, na kweli nia ya kuzunguka nilikuwa nayo, lakini nikaiona ile njia ya mawe inavyojipinda huko mbali bila haraka yoyote, na hapa mbele yangu uwanja mweupe wa magadi umekauka kama sakafu ya simiti, na kina mama wako ng'ambo wananitazama, nikaamua kijana mwenye nguvu hukata moja kwa moja (tena nikaongeza maringo kidogo mabegani).

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Halafu sakafu ikalia kacha! mguu mmoja ukazama hadi goti, nikausukuma na ule mwingine, ule mwingine nao ukazama, nikavuta huu, huu ukaenda chini zaidi, na kabla sijamaliza kujilaumu tope lilikuwa kiunoni, jeusi, la moto, linanuka yai viza, na magadi yananichoma mahali ambapo sitapataja. Gunia nikaliweka kichwani.

Kina mama walizunguka mbio wakafika kwenye mawe, karibu nami. Nikanyoosha mkono. Mama Sein akaninyooshea fimbo.

"Ning'iniza gunia hapo."

"Na mimi, mama?"

"Wewe hukauki. Nyasi zinakauka."

Wakachukua gunia, wakaenda kupanda! Nikabaki peke yangu na nzi.

Wazee wakaja na njia hiyo hiyo ya mawe. Sasa mnajua desturi ya Wamaasai: mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa, mzee akakigusa. Kichwa changu kilikuwa kwenye kimo cha mtoto kabisa. Mzee wa kwanza akasimama, akakigusa na ncha ya fimbo yake bila hata kutabasamu. "Sopa, layioni," yaani salamu, mvulana usiyetahiriwa (na mimi nina ndevu). Ningefanya nini? Nikaitikia "Ipa" kwa heshima, naye akampisha mwenzake, na mwenzake akafanya vile vile, mpaka nikasalimiwa na wote.

Wa mwisho alikuwa Mzee Parmuat, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kutaka uzio utolewe. Akapaza sauti, "Mama Sein! Na hii mmeipanda lini?"

Kina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Baada ya kupanda ndipo walipokuja na matawi ya mathenge, wakayatandika juu ya tope, nikaambiwa nilale juu yake nivutwe. Nililala. Miiba iliingia, mimi nikatoka, suruali ikabaki.

"Vaa haraka," Mama Sein akasema, akinirushia shuka yake. "Nimelea wavulana, hakuna kipya hapo."

Lakini Mzee Parmuat alikuwa anatazama shimo nililoacha. Maji yalikuwa yanapanda ndani yake polepole. Akachovya fimbo, akaitoa, akaitazama kwa muda.

"Mimi nilisema hapa pamekufa," akawaambia wenzake. "Mahali palipokufa hapamezi mtu. Uzio ubaki mpaka nyasi zishike." Akanigeukia. "Na huyu azuiwe pamoja na ng'ombe."

Kuna wanaonifariji kwamba nilisaidia. Labda. Wao hawakupita mjini na shuka ya mama wakati wafanyakazi wa kiwanda cha magadi wanabadilishana zamu. Tangu hapo, mwenyeji akiniambia nizunguke, nazunguka, hata nikimwona yeye mwenyewe amekata katikati.