Safari ya Nanyuki

Watiri aliposikia kwenye foleni ya kupima majani ya chai kwamba shemeji yake Gathogo ameenda Nanyuki kikazi, alitabasamu, akaendelea kuchambua majani yake. Katika foleni nzima ni yeye peke yake aliyeijua Nanyuki hiyo. Ilikuwa stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya Gathogo, hapa hapa Othaya. Yeye mwenyewe alikaa humo miezi saba, mnyororo mguuni.

Ilikuwa baada ya mumewe, Theuri, kukanyagwa na lori la chai mbele ya macho yake. Watiri hakulala tena. Injini ikinguruma barabarani, alitimua mbio akipiga mayowe. Gathogo, mzee wa kanisa anayelipenda jina lake kuliko watu wake, hakutaka aibu ya mwendawazimu bomani. Akamfunga, akatangaza kwamba amempatia kazi kwa mfugaji mmoja Nanyuki, na waumini wakamsifu kwa kumjali mjane.

Aliyemtoa ni Kabura, muuguzi wa zahanati, aliyekuja kuchanja watoto akasikia mtu akiimba stooni. Kwa vidonge, na kwa kikao cha kila Jumanne na wenzake waliopatwa na makubwa, usingizi ulirudi. Siku hizi Watiri ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye mkoba na koti la buluu. Wazee wa ukoo waliizima kesi, na uongo wa Nanyuki ukabaki pale pale. Mnyororo alijiwekea chini ya kitanda, na huupaka mafuta usishike kutu. Hajasamehe, wala hajifanyi amesamehe.

Mwezi uliopita pikapu ya Gathogo ilipinduka karibu na Gatitu, na rafiki yake Ngugi akafia ubavuni pake. Tangu hapo majirani walimsikia akipiga kelele hata mchana. Kwa hiyo Watiri alijua ni nani yuko stooni, na akanyamaza. Siku tatu alikula vizuri na kulala vizuri. Siku ya nne akainuka, na kilichomwinua hakikuwa huruma. Aliona kwamba Gathogo akifia mle ndani, atazikwa na siri yake na kuimbiwa kama mtakatifu.

Akatia mnyororo mkobani, akaenda.

“Mzee hayuko, Watiri,” Gathoni, mke wa Gathogo, alimwambia mlangoni. “Ako Nanyuki.”

“Najua. Lete ufunguo.”

Stooni, Gathogo alikuwa amefungwa kwa kamba ya ng'ombe. “Watiri,” akasema, “vijana wangu wamenifunga.”

“Nimeona.”

Alichuchumaa, akatoa fomu na kuuliza maswali yote. Hajalala tangu lini? Gari bado analiona likipinduka? Amewahi kufikiria kujiua? Gathogo alijibu huku akilia, na Watiri aliandika kwa makini, maana kazi yake haichezei hata kwa adui.

“Hii ni ugonjwa, na inatibika,” akamwambia akiifungua kamba. “Hata yangu ilikuwa inatibika.”

Akamwinua waende zahanati.

Gathoni aliomba wapitie mtoni ili watu wasiwaone. Watiri akasema mtoni kuna matope, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Aliwapitisha kwenye kituo cha chai, saa nane, kijiji kizima kikiwa kimepanga foleni na vikapu mgongoni.

“Mzee Gathogo,” akauliza Kahiga, karani wa mizani, “umerudi Nanyuki mapema hivi?”

Gathogo akatazama chini. Watiri akafungua mkoba, akautoa mnyororo na kuutundika kwenye ndoana ya mizani.

“Kilo tatu,” Kahiga akasoma, kwa mazoea tu.

“Miezi saba,” Watiri akasema, akimgeukia Gathogo. “Mwambie ilikuwa kwa mguu ya nani.”

“Mimi sikuenda Nanyuki,” Gathogo akasema kwa sauti ndogo. “Nilikuwa stoo. Na Watiri pia hakuenda. Nilimfunga mimi.”

Watiri alikuwa amelingoja jambo hili miaka minane, na lilikuwa tamu kama alivyotarajia. Barua ya kumpeleka kwa Kabura ilikuwa tayari mfukoni, na leo hii angemfikisha. Lakini kwanza akamshika mkono, akamgeuza awatazame watu.

“Rudia,” akamwambia. “Wale wa nyuma hawajasikia.”