Jogoo, Mwambie Abonyeze F12

Mama mkwe wangu na mimi hatuongei. Hatujagombana, Mungu atuepushe. Hatuongei kwa sababu tunaheshimiana. Kwetu Wagogo, mume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani lazima mtu apishe. Vijana wengi wa mjini wamelilegeza jambo hili, wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, kisha wanazirusha kwenye simu watu wote wazione. Mama mkwe wangu hakulegeza hata uzi mmoja. Ni mwalimu mstaafu, ana simu ya kupangusa, kanisani anakaa benchi la mbele, lakini likija suala la mkwe ni Mgogo wa zamani. Nami, kwa kuwa nilimpenda binti yake, ikanibidi niwe Mgogo wa zamani kwa lazima.

Mwaka mmoja tulipokwenda kwao Kongwa, nilikutana naye ghafla kwenye kona ya kinjia cha zizini. Nikaruka kulia, nikaingia kwenye miiba. Kumbe naye, kwa heshima ileile, alikuwa ameruka kushoto, na upande wake miiba ilikuwa mingi zaidi. Tukabaki humo, kila mtu anajichomoa kimyakimya, na njia nzuri katikati yetu haina mtu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Basi ilikuwa Ijumaa alipokuja kwetu Nzuguni. Nilimchungulia dirishani akishuka kwenye bajaji. Mkono mmoja ameshika kikapu chenye jogoo, na mkono mwingine amekumbatia kompyuta mpakato iliyoviringishwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Nikakimbilia jikoni.

Habari nikaipata kwa mke wangu, aliyeniletea kipande kwa kipande. Kompyuta ile watoto wake walichanga wakamnunulia alipostaafu. Sasa ilikuwa imegoma. Ukiiwasha, inaleta kioo cheusi na mistari ya Kiingereza inayojieleza sana bila kufanya kazi. Na humo ndani kulikuwa na wimbo. Jumapili, yaani keshokutwa, kanisa lao lilikuwa linafungua jengo jipya, na kwaya ya akina mama, ambayo yeye ndiye mwenyekiti na mtunzi wake, ilikuwa iimbe wimbo aliotunga kwa ajili ya siku hiyo. Zamani alikuwa akitunga kichwani na neno halimpotei. Tangu apewe kompyuta, kichwa kimeiachia kompyuta kazi yote. Alikumbuka kiitikio peke yake. Beti zote zilikuwa zimefungiwa.

"Na makamu wake je?" nikauliza, maana habari za makamu huyo nilikuwa nikizisikia kila Krismasi.

"Makamu ameshatangaza kwamba mwenyekiti akikwama, yeye ana wimbo wake tayari."

Hapo nikaelewa uzito wa jambo. Wimbo wa makamu ukiimbwa siku ya kufungua kanisa, mama mkwe wangu angeusikia kila Jumapili mpaka siku atakapozikwa, na pengine wangemwimbia hata siku hiyo.

Fundi wa kwao alishamwambia dawa ni kupiga window upya, yaani kuiwekea mfumo mpya, na kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Mama mkwe alimpokonya kompyuta palepale, akaapa kwamba haitashikwa tena na mtu mwingine, hata awe aliyemzaa mwenyewe. Kwa hiyo ilikuwa mapajani kwake, kwenye kochi langu, sebuleni kwangu, mahali ambapo mimi nilikuwa siruhusiwi kuingia.

Mimi ni karani tu wa ofisini, si mtaalamu. Ila nimewahi kutazama video nyingi kuliko inavyonifaa, na nilijua kuna njia. Unashusha mtandaoni mfumo mzima wa kompyuta, ule wa bure, uliofungwa ndani ya faili moja kubwa. Unauandika kwenye flashi. Kisha unaiwasha kompyuta mgonjwa kwa kutumia flashi hiyo badala ya kile kilichooza ndani yake. Inaamka, unachukua vitu vyako, unatoka. Nilimweleza mke wangu kwa mfano wa wapishi wa sherehe. Wanakuja na majiko yao na masufuria yao, wanapika uani, jiko lako hawaligusi, na wakiondoka hawaachi kitu.

"Wapishi wanaachaga masizi," akasema. Lakini alikubali, akaenda kumweleza mama yake vilevile.

Flashi pekee nyumbani ilikuwa imechomekwa kwenye sabufa, imejaa mahubiri ya mke wangu. Niliyahamisha kwanza, maana mimi napenda kuishi. Bando langu la wiki likaisha kwa faili lile moja. Kisha nikafanya kosa la mtu aliyelelewa na sabufa: nililinakili faili kwenye flashi kama wimbo, nikachomoa, nikajiona mjuzi. Nilipolijaribu kwenye kompyuta yangu, haikutaka hata kuitazama flashi. Kumbe kulinakili tu ni sawa na kuweka gunia la mahindi mezani ukategemea kula ugali. Lazima kuwe na programu ya kulifungua faili na kulipanga kwenye flashi ili kompyuta ijue pa kuanzia. Nikaitafuta programu hiyo, nikaandika upya, nikajaribu, ikawaka. Nilipiga kelele jikoni, na sebuleni nikasikia mama mkwe akiuliza nani ameungua.

Sasa ikabaki sehemu niliyodhani ni nyepesi. Mke wangu akapeleka flashi, mama yake akaichomeka. Mimi nikasimama koridoni, nyuma ya pazia la mlango wa sebule. Jogoo naye alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kimeza pale mlangoni, nusu yake sebuleni, mkia upande wangu.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya namna ile inakupa muda mfupi sana. Ukishaiwasha tu, unagonga kitufe cha F12 upesiupesi, ndipo inakuuliza uamkie wapi. Ukichelewa, inarudi kwenye ugonjwa wake. Nilisikia mlio wa kuwaka, nikamwambia mke wangu, "F12! Sasa hivi!"

Mke wangu akapita pazia taratibu, nikamsikia akipiga goti. "Mama, samahani kwa kukukatiza. Mkweo anakusalimu sana huko aliko. Anasema, kama hutojali, na kama vidole havijachoka, anaomba ubonyeze F12."

"Salamu nimezipokea. Naye mwambie namshukuru. Kipo wapi hicho?"

Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi zamani.

Tukarudia. Safari hii salamu zilifupishwa, lakini goti lilibaki, na goti peke yake lilitosha kutuchelewesha. Nikamvuta mke wangu koridoni. "Piga kelele tu ukiwa hapa. Sema 'bonyeza'!"

"Nimpigie mama yangu kelele 'bonyeza'? Wewe ulilelewa wapi?"

Nilikuwa na hasira ya kweli. Adabu tuliyofundishwa tangu utotoni ilikuwa ndefu kuliko subira ya kompyuta, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuifupisha. Kisha jirani akapaza sauti nje: "Maji yametokaaa!" Mtu wa Nzuguni akisikia hivyo haulizi. Mke wangu alibeba ndoo zote akatoweka.

Tukabaki nyumbani mimi, mama mkwe, na jogoo. Nilifikiria kutoroka kwa mlango wa nyuma. Hata kukohoa niliogopa. Kisha nikasikia sebuleni koo likisafishwa kwa namna ya mwalimu anayeanza kipindi.

"Wewe jogoo," mama mkwe akasema. "Hebu niulizie. Huyo mtu wa nyuma ya pazia bado yupo?"

Nikamtazama jogoo, naye akageuza kichwa chini ya pazia, akanitazama kwa jicho moja.

"Jogoo," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba, "mwambie mama nipo."

"Jogoo, mwulize anataka nifanye nini. Na aseme kwa kifupi, mimi si mgeni rasmi."

"Jogoo, akishaiwasha tu, agonge F12! Agonge, agonge, asiache!"

Nilisikia mlio wa kuwaka, na mara ileile vidole vya mwalimu vikaanza kugonga kama mvua ya kwanza kwenye bati. Jogoo akashtuka akawika. Mama mkwe akasoma kwa sauti kilichotokea kiooni, herufi kwa herufi, kama ubaoni.

"Jogoo, kuna orodha. Kuna neno U, S, B."

"Jogoo, ashuke hapohapo, kisha abonyeze kile kitufe kikubwa cha Enter!"

Tukangoja. Nasema tukangoja, lakini mimi nilikuwa nasali. Halafu nikasikia yowe.

"Jogoo! Wamefuta! Hii si kompyuta yangu! Kuna picha ya milima, vitu vyangu havipo!"

"Jogoo, mwambie hawajafuta! Hapo ni uani kwa wapishi. Nyumba yake ipo palepale, afungue kile kikabati cha pembeni, atazame diski ya ndani!"

Kubofya. Kubofya tena, mpaka nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi kwa ukoo mzima. Kisha akasema polepole, bila hata kumwita jogoo, "Huu hapa."

Akaanza kuusoma kwa sauti. Nami nilisikia machozi yakinijia koridoni, nikiwa nimeshika pazia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilitaka kumwelekeza namna ya kuuhamishia kwenye simu. Akakataa. Umeme ukikatika je? Alitaka karatasi. "Jogoo, mwambie achukue kalamu. Mimi nitasoma, yeye aandike. Na asiandike mwandiko wa daktari."

Akasoma ubeti, nikaandika nikiwa nimechuchumaa karibu na mkia wa jogoo. Alipofika kwenye kiitikio hakusoma, aliimba. Kilisema hivi: Karibu Bwana, ingia, viatu usivue, sakafu ni yako. Akangoja. "Jogoo, mbona haitikii? Wimbo bila kuitikiwa nitajuaje kama umekamilika?"

Sijui nani aliweka mila hii, lakini nadhani alikataza kuongea tu, kuimba hakukutaja. Niliitikia. Mwanzoni kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti yote niliyonayo, ambayo si nzuri. Tuliimba beti zote, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mara mbili alinisimamisha kupitia kwa jogoo kunirekebisha sauti. Mke wangu alirudi na ndoo kichwani, akatukuta hivyo. Aliiweka ndoo chini bila kumwaga hata tone, akakaa juu ya ndoo nyingine.

Baadaye alichukua kisu kwa ajili ya mboga ya jioni, maana jogoo aliletwa kwa kazi hiyo. Mama yake akamzuia toka sebuleni. "Huyo msimguse." Tukala ugali na mlenda, wao sebuleni, mimi jikoni. Asubuhi akaondoka na karatasi zake kifuani na kompyuta kwenye khanga. Jogoo akabaki.

Wimbo uliimbwa, na tuliambiwa makamu mwenyewe aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Jumapili hiyohiyo jioni simu ya mke wangu ikaita. Mama yake alimwagiza aongeze sauti na kuiweka karibu na jogoo. Mke wangu akaipeleka uani, akainama, akaishika mbele ya mdomo wa jogoo, na mimi nikasogea nyuma ya mlango wa jikoni, kwa heshima.

"Jogoo, mbukwa," sauti ikasalimia kwa Kigogo. "Mwulize mwanangu, amekula?"

"Nimekula, mama," mke wangu akajibu.

"Si wewe. Yule mwingine."

Nilikuwa sijala. Nikamwambia jogoo nimeshiba.