Picha ya Dada Haijasitirika

Shoga yangu alipofiwa na dadake, mtu alitoa picha ya marehemu akiwa kwenye shughuli ya harusi, ile ya wanawake peke yao: nywele wazi, hina mpaka viwikoni, anacheka. Akaiweka mtandaoni na maneno ya rambirambi. Ikaenea Malindi nzima. Maiti tumeshamsitiri kaburini, huku wanaume tusiowajua wanamtazama.

Shoga yangu akawa haachi simu. Chuoni kule Kilifi, mezani, hadi msalani. Kila aliyeiweka picha ile, yeye alimwandikia: "Assalamu alaykum, huyu ni dadangu marehemu. Nakuomba uiondoe." Wengine waliiondoa. Mmoja akamjibu, "Mzuri hivi, si umwache aonekane?" Huyo nilitaka kumfuata hadi kwao, wallahi.

Ndipo chuo kikawatumia wanafunzi maswali ya kupima nani amezidiwa na mitandao. Shule mimi niliiacha njiani, lakini kusoma nimejifundisha. Nikamsomea barazani kwao.

"Unaiwaza hata ukiwa na mambo mengine?"

"Ndiyo."

"Umejaribu kupunguza ukashindwa?"

"Ndiyo."

"Unawaficha watu wa nyumbani?"

Akatazama mlango. Mamake hakujua kama picha ile ipo. "Ndiyo."

"Weka hapana, we! Watakuona mwenda wazimu."

"Nidanganye ya nini?"

Majibu yakaja: amezidiwa. Mshauri wa chuo, mama mpole tu, akampigia mamake: simu ifungiwe kabatini wiki moja, mtoto atapata nafuu.

Nilifoka mle ndani kwao! "Wamempima, wamempima, hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatafuta nini humo!"

"Kwani anatafuta nini, mwanangu?" mamake akaniuliza, taratibu.

Nikamwangalia shoga yangu. Akatikisa kichwa. Mamake alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula tena. Nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Simu ikafungiwa.

Ijumaa, tulipomaliza kumsomea marehemu Yasini, akanivuta uani.

"Niangalizie."

Nikaangalia kwa simu yangu. Imewekwa upya, kwenye ukurasa mkubwa, na watu wamejaa chini yake.

"Ipo?"

Kumdanganya siwezi. "Ipo."

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaanza kuandika: Assalamu alaykum, huyu ni dadangu.

Mimi nikaenda kukaa mlangoni, mamake asije akatokea.