Filamu ya Mwizi Asiyekamatwa

Harufu ya mablanketi yenye unyevu, ikichanganyika na ya kahawa iliyoanikwa uani, ndiyo iliyojaa ukumbi wa kigango kule Buganguzi siku Padri alipotuonyesha filamu. Ilikuwa Jumapili mchana, msimu wa mavuno, miaka ya ujamaa, na madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya masista ili tupate giza. Nilikuwa na miaka kumi. Taata, baba yangu, aliketi nyuma na wanaume wenzake. Kwenye benchi la pembeni alikaa jirani yetu Ta Rwegasira, peke yake. Gunia la kahawa lilikuwa limepotea katika ghala la kijiji, na kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye, watu walikwisha kumhukumu. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa za kutafuna, zikizungushwa katika kikapu kidogo. Ta Rwegasira hakuna aliyemtukana. Kikapu kilimruka tu, nyumba hadi nyumba, mpaka mkewe akaacha kwenda kisimani na wenzake.

Mimi nilijua gunia lilikokwenda. Nilimwona Taata akilifunika kwa majani makavu ya migomba, kabla halijavushwa mpakani kwa magendo. Naye aliniona. Akaendelea kulifunika. Damu nzito kuliko maji, na kwetu mtoto hamshtaki baba yake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe, kazi ya marafiki wachache waliochangishana fedha zao bila kampuni yoyote kubwa. Karani anaiba, mpagazi anafungwa kwa kosa hilo. Picha ya mwisho inamwonyesha karani mezani kwake akinywa chai. Basi, imekwisha. Katekista aliyekuwa akitufasiria kwa Kihaya hakuweza kuwarudisha Wakristo nyumbani namna ile.

“Hapo polisi wako mlangoni,” akatangaza. “Siku za mwizi ni arobaini.”

Ukumbi ukapiga makofi. Niligeuka nikamwona Ta Rwegasira akipiga makofi, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu gunia lipotee. Taata naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote. Nilimwonea haya Taata, kisha nikajionea haya mwenyewe.

Arobaini zikapita, na nyingine nyingi baada yake. Ta Rwegasira alihamia kisiwani Goziba kuvua na watu wasiomjua, akafia huko. Taata tulimzika kwa heshima zote, na mimi niliimba kwaya.

Nakala ya filamu ile niliitafuta miaka mingi nikaipata, na kila kijana anayenitembelea hapa Buhembe namwekea. Ni ya polepole. Ukizoea filamu za risasi za kwenye simu, nusu saa ya kwanza utapiga miayo. Vumilia, na usikubali mtu akufasirie mwisho wake. Zamani tulidanganywa ili tulale usingizi. Vijana wa leo hawadanganyiki kirahisi, lakini nao mwisho huo huwaudhi.

Mwezi uliopita niliitazama na mtoto wa kaka yangu. Ilipokwisha alikunja uso.

“Shangazi, sasa huyu mwizi watu waliishi naye tu? Hakuna hata mmoja aliyejua?”

“Mmoja alijua, ni mimi,” nikasema, nikamsimulia habari za gunia na kumtajia jina la mwizi: babu yake.