Bwana Futi na Ndege ya Jumamosi

Dada wa dirisha la pili, pale ofisi ya tiketi, alisifika kwa subira. Mteja angemfokea mpaka mate yamrukie, yeye anatabasamu tu. Lakini subira ile ilikuwa ya wateja, si ya mjomba. Na mjomba wake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Futi kwa kuwa futi haikumtoka shingoni hata akienda kuoga, aliingia Jumatano ile kwa mara ya tatu wiki hiyo.

“Mjomba, nimeshasema. Ndege ya Jumamosi haikufai.”

“Hainifai nini? Imetoboka?”

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi saa moja jioni, huko mji wa mbali mashariki, na gauni alilishona baba mtu. Alishatangaza mpaka kinyozini kwamba mwanawe hatavaa uzi wa fundi mwingine. Basi gauni likichelewa, bibi harusi atatoka na taulo.

Bwana Futi akaivua futi shingoni, akaitandaza kwenye ramani ya ukutani, huku mama mmoja wa kwenye foleni akiinama kumpisha.

“Inchi kumi na moja! Wewe mwenyewe unasema kilomita elfu saba na mia tano, ndege inazikata kwa masaa tisa. Natoka Jumamosi saa mbili asubuhi, natua saa kumi na moja jioni. Namvalisha mwanangu, na chai nakunywa. Shule ulienda kufanya nini?”

“Hiyo saa kumi na moja ni ya hapa, mjomba! Kwao itakuwa saa nne usiku. Wametutangulia masaa matano. Utakuta wanafagia ukumbi!”

“Saa ni saa. Inchi ya hapa na ya kule si ile ile?”

Dada akatoa chungwa kwenye mkoba, akalizungusha mbele ya taa ya mezani: huku jua, huku giza. Bwana Futi akalitazama kwa makini, akalipokea, akalimenya.

“Ahsante, mwanangu. Sijala tangu asubuhi.”

Foleni ikaguna. Dada akafumba macho, na alipoyafumbua akaiona ile futi inaning’inia.

“Mjomba, ukipewa mita tatu za kitambaa, gauni linatoka na mita tatu kamili?”

“Wewe! Mshono haujala? Hata kipofu anajua.”

“Basi ukienda mashariki, siku nayo ina mshono. Masaa matano yanaliwa.”

Bwana Futi akaacha kutafuna. Uso ukamshuka kama fundi aliyekata suruali ya mteja ikaishia magotini.

“Kumbe! Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu juzi? Unanizungushia machungwa tu! Nikatie ya Ijumaa, upesi!”

Kisha akaigeukia foleni. “Huyu mpwa wangu mzito. Wiki nzima namwelewesha habari ya mshono.”

Dada alikata ile tiketi ya Ijumaa akiwa ameuma meno.

Jumamosi mchana, binamu yake akampigia simu, nyuma yake vigelegele.

“Dada, baba alifika jana, na gauni limenikaa kama ngozi! Ila ana swali. Eti akirudi huko, yale masaa yake matano atarudishiwa na wewe, au akayadai kwa rubani?”

Dada wa dirisha la pili akaweka simu chini taratibu, akalaza paji la uso juu ya meza.