Refa Asiyetazamwa

Nimewahi kufundisha kriketi muhula mzima bila kuona mpira hata mmoja ukipigwa. Chekeni tu, mimi nililia. Nilikuwa nakaa kwenye nyasi pembeni ya uwanja wa shule, kitenge kichwani, mgongo nimewapa watoto wangu na uso nimeupa mlima Loleza, nikisikiliza. Tok! Huyo amepiga. Miguu inakimbia, kelele, miguu tena. Nani amepiga? Mpira umekwenda wapi? Sijui. Mlima ule niliujua kichaka kwa kichaka.

Sababu ilikuwa moja: refa alikuwa baba mkwe wangu.

Mimi nimezaliwa Iringa, upande wa Tosamaganga. Kwetu mkwe anaheshimiwa sana, lakini unapiga goti, unasema "kamwene", naye anaitikia, kila mtu anakwenda zake. Nilipoolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa, nikaambiwa nisimtazame baba wa mume wangu, nisiseme naye, nisitaje jina lake wala nisikutane naye njiani. Na yeye vilevile asiseme na mimi. Nyumba yetu pale Ilomba na nyumba yake zilitenganishwa na shamba la mahindi tu. Akiwa anakuja, anakohoa. Nikisikia kile kikohozi natumbukia kwenye mahindi, ndoo ya maji kichwani, tumbo la miezi minane mbele, mpaka apite. Kanisani tulihubiriwa kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, anaitikia "amina" kutoka benchi la mbele, na mimi naitikia nyuma ya nguzo.

Mume wangu nilimwambia mara nyingi, "Zungumza na baba yako." Akasema, "Lakini mzee hana neno na wewe." Nikamjibu, "Ndiyo, hana neno. Hata moja!" Akacheka, akachukua kofia yake, akatoka. Wanaume bwana.

Sasa kriketi. Miaka ile ya hamsini mchezo huo haukuwa wetu. Wazungu walicheza klabuni kwao, Wahindi kwenye uwanja wao, sisi tukapita njiani tukishangaa watu wazima waliovaa nyeupe tupu wanasimama juani kutwa. Kisha bwana mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye watoto wake walikuwa wamekua, akatuletea shuleni vibao viwili vidogo vya kupigia, vijiti vya kusimika nyuma ya mpigaji, na kapu la mipira ya tenisi. Darasa la nne walikuwa na mpira wao wa miguu, kwa hiyo mwalimu mkuu akanipa mimi vile vitu kwa ajili ya wadogo wangu wa darasa la pili. Kabla ya hapo, saa ya michezo ilipofika, wadogo hao walikuwa wanamwagilia kabichi za shule. Kila Jumamosi, wavulana wakubwa wanacheza, wangu wanabeba makopo.

Lakini mwalimu wa darasa la nne alivitamani vile vibao, na mwalimu mkuu hakupenda kelele za walimu. Akaamua hivi: mwisho wa muhula wadogo wangu watacheza na wadogo wa shule ya Kihindi. Kila mtoto wangu akipata zamu ya kupiga, na mchezo ukaisha vizuri, vibao vitabaki kwetu. Wakiboronga, vibao vinakwenda darasa la nne na wadogo wanarudi kwenye kabichi.

"Na refa nimeshampata," akasema, amefurahi. "Yule mzee karani wa zamani wa boma, aliyekuwa anawaandikia Wazungu magoli yao. Sheria zote anazo kichwani."

Karani huyo ndiye baba mkwe wangu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Songea, hakujua kitu.

Kwa hiyo kila Jumamosi ilikuwa hivi. Ninawapanga watoto, ninawaonyesha namna ya kushika kibao, halafu kikohozi kinasikika upande wa geti. Ninajifunika kitenge, ninakwenda kukaa nyasini, ninageukia mlima. Mwalimu wa kriketi!

Tulikuwa na ugomvi, mimi na yeye, na mjumbe wetu alikuwa binti yangu wa miaka saba, mwanafunzi wangu na mjukuu wake. Nilimtuma na masharti yangu. Mwambie babu, mwalimu anaomba vijiti visogezwe, mikono ya watoto haifiki mbali. Mwambie mtoto asiyeweza kurusha aviringishe mpira chini. Mwambie pia kila mtoto apate mipira yake sita ya zamu, hata kama vijiti vimeangushwa kwa mpira wa kwanza. Tumpunguzie magoli, lakini abaki apige. Hawa ni watoto.

Binti akaenda, akarudi anahema. "Babu anasema vijiti sawa. Kuviringisha sawa. Kutoka ni kutoka."

"Mwambie hawa ni watoto."

Akaenda, akarudi. "Babu anasema kutoka ni kutoka."

Basi, mtoto anangoja wiki nzima, anashika kibao, mpira wa kwanza vijiti chini, ametoka, kakae. Jumamosi ya kwanza binti yangu alikuja kulia mgongoni kwangu, makamasi yote kwenye kitenge, na nyuma yake wengine. Nilichemka. Ningekuwa nagombana na mtu mwingine yeyote ningekwenda nikasimama mbele yake, nikamwambia macho kwa macho. Huyu ningemwambia nini, na kwa mdomo gani? Nilibaki nang'oa nyasi.

Siku moja binti aliniletea habari ambayo sikumtuma kuileta. Kuna mvulana vijiti vyake vilianguka, wenzake wakanyamaza, na babu naye akanyamaza, yule mvulana akaendelea kupiga. "Nimemuuliza babu mbona hakusema ametoka. Anasema refa hasemi mpaka aulizwe. Wanaorusha wasipomuuliza 'vipi, refa?', hana ruhusa ya kumtoa mtu. Ndiyo sheria."

Loo! Niliruka. Jumatatu darasani nikawaambia watoto, "Kuanzia leo ni marufuku kumuuliza refa. Vijiti vikianguka, kimya. Mmesikia? Kimya!" Haikuwa kazi ngumu. Watoto wa kwetu wamefundishwa tangu wanatambaa kutomhoji mzee. Nilikuwa ninawaambia wafanye lile walilolizoea. Wale wawili watatu wenye midomo niliwakazia macho.

Jumamosi hiyo nilikaa nyasini nikisikiliza vijiti vinaanguka, na baada yake kimya kizuri, na baada yake tok, mtoto anapiga tena. Walihesabu wenyewe mpaka sita, wakapokezana. Baba mkwe akasimama pale na sheria zake zote kichwani, haulizwi, hasemi. Niliucheka mlima mpaka mbavu zikauma.

Ikafika siku ya mchezo. Watoto wa Kihindi walikuja na mwalimu wao, wamevaa vizuri, viatu vyeupe. Mwalimu mkuu akaketi kwenye kiti, na pembeni yake yule mwalimu wa darasa la nne, mikono kifuani. Kikohozi, kitenge, mlima. Wageni wakaanza kupiga.

Mpira wa tatu nikasikia vijiti vinaanguka. Nikatabasamu, mtoto wangu amelenga. Kisha kimya. Nikasikia mwalimu wa wageni anamwita mtoto wake, "Rudi, rudi! Hakuna aliyeuliza." Naye akarudi, na mchezo ukaendelea.

Jamani. Wangu walikuwa wanarusha na wageni wanapiga, na hakuna mtoto wangu hata mmoja ambaye angefungua mdomo, kwa sababu niliwafundisha mimi. Vijiti vikaanguka tena, kimya. Mpira ukadakwa kabla haujagusa chini, na hiyo nayo ni kutoka, nikasikia watoto wanashangilia, halafu wakanyamaza wote pamoja, watiifu. Wale wageni wawili wa kwanza walikuwa bado wapo, wanapiga, wanakimbia, wanapiga. Juu ya Loleza mawingu meusi yalikuwa yanashuka, na mvua ya Mbeya ikishashuka hakuna mchezo tena. Watoto wangu wasingepiga hata mmoja.

"Ulizeni!" nikapiga kelele, nimeukabili mlima. "Muulizeni refa!"

Sauti ndogo ikajibu nyuma yangu, "Mwalimu, ulisema ni marufuku."

"Sasa nasema ulizeni!"

Hakuna aliyeuliza. Waliniona nimekaa nimejifunika, mwalimu wao mwenyewe anamwogopa yule mzee kiasi cha kutomtazama, watamuuliza wao? Vijiti vikaanguka tena. Nikasikia yule wa darasa la nne anacheka.

Sikumbuki kama niliamua. Nilisimama, nikageuka, kitenge kikaanguka mabegani. Nikamwona. Miaka minane ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza namtazama baba mkwe wangu usoni. Alikuwa mfupi. Nilimdhania mrefu, sijui kwa nini. Alikuwa amevaa koti la boma lililofungwa vifungo vyote, na masikio yake yalikuwa yale yale ya binti yangu.

"Vipi, baba?" nikamwambia. "Vijiti vimeanguka. Vipi?"

Wanawake waliokuwa wanapita barabarani na kuni walisimama, mmoja akajiziba mdomo. Baba mkwe hakunitazama. Alielekeza macho yake juu ya kichwa changu, kule kule kwenye mlima wangu, na akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kikarani:

"Mwalimu si mchezaji."

Basi. Miaka minane nangoja neno, na neno lenyewe ndilo hilo. Nilitaka kulia, nilitaka kumrushia kiatu. Nilikuwa nimevunja mwiko wa ukoo wao mzima mbele ya watu, na yeye ananiambia swali langu halikufuata utaratibu!

Ndipo binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya vijiti na mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika sokoni, "Vipi, babu?"

Baba mkwe akainua kidole. Ametoka.

Baada ya hapo walifunguka midomo wote. Vipi, refa? Vipi, refa? Hata pasipokuwa na kitu wanauliza. Wageni wakatoka mmoja mmoja, wakaisha, na zamu ikawa yetu, mawingu yakiwa yameshafunika nusu ya mlima. Kwanza akaingia binti yangu. Nilikuwa bado nimesimama, namtazama, nimeshaharibu, nitaharibu mara ngapi? Akashika kibao vizuri kama nilivyomfundisha. Mpira wa kwanza ukampita chini ya kibao, vijiti vikaruka. Wageni wote wakauliza kwa pamoja, kwa Kiingereza, na wao hawakuwa na mtu wa kuwakataza.

Kidole kikapanda. Binti akaanza kutoka, anakiburuza kibao kwenye vumbi, mdomo umeshaanza kutetemeka.

Kisha baba mkwe akakohoa.

Mwili wangu ulitii kabla ya kichwa. Nikageuka, nikavuta kitenge, nikautazama mlima. Nikasikia sauti yake nyuma yangu, si kubwa.

"Rudi. Una mipira mitano."

Mwalimu wa wageni akauliza ni sheria gani hiyo. Mwalimu mkuu naye akauliza. Baba mkwe akawajibu wote wawili, "Hawa ni watoto."

Neno langu! Neno nililomtumia mara ngapi, kila mara likawa linanirudia bila kutua kwake hata kidogo.

Mvua ilituwahi mtoto wa mwisho akiwa kwenye mpira wake wa nne, lakini kila mmoja alikuwa amepiga, na vibao vikabaki kwetu. Tulishindwa vibaya sana, magoli siyataji.

Jioni ile nilipika, nikachukua sahani mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, nikapita kwenye mahindi mpaka mlangoni kwa baba mkwe. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwambia ahsante, na nilitaka pia kumuuliza kama ilibidi tuteseke muhula mzima kwa jambo la kusema siku moja. Nikasimama pale na mvuke wa chakula usoni. Ndani akakohoa. Nikangoja. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikaweka sahani chini, nikaondoka.

Asubuhi binti aliniletea ujumbe. "Babu anasema Jumamosi ukae pale pale unapokaaga, na utazame kule kule."

Hakusema na mimi tena mpaka tulipomzika. Maneno yangu kutoka kwake ni yale matatu, mwalimu si mchezaji, na yananiuma mpaka leo.

Jumamosi nikaenda. Kikohozi kikaja, nikajifunika, nikakaa. Nyuma yangu vijiti vikaanguka, mtoto akauliza, na nadhani kidole kilipanda. Kisha nikasikia darasa zima linahesabu kwa sauti, mbili, tatu, nne, tano, sita, na mtoto mwingine akaitwa kupiga, wakaanza moja.