Bi Sihaba anafumua neno lililomwacha bondeni

Saa tatu asubuhi, Bi Sihaba Mshamu ameketi kibarazani, miguu ameinyoosha, mkeka mapajani. Hasuki. Anafumua. Ncha ya kisu inaingia chini ya ukindu mwekundu na kuuinua, naye anauvuta polepole kwa vidole. Tangu amalize chai ametoa herufi mbili. Zimebaki tano.

"Ukindu ukishakunjwa ukakauka, kuukunjua ni kuuvunja," anasema, na kweli unamkatikia mkononi. "Lakini sitaki kulilalia neno hili."

Neno lenyewe alilisuka katikati ya mkeka: PENDING. Sasa linasomeka NDING.

Bi Sihaba ana miaka sitini na moja. Anasuka mikeka katika kitongoji kimoja cha bondeni, si mbali na Ndundu. Mkeka mkubwa humchukua wiki tatu: kukata ukindu, kuuanika, kuuchemsha na rangi, kusuka ukili, ile mikanda mirefu, kisha kuishona pamoja. Akiuuza hupata shilingi elfu thelathini. Mpunga ndio ulikuwa chakula, mikeka ndiyo chumvi na sabuni.

Masika yaliyopita mto ulipanda ukaingia ndani. Shamba lote la mpunga likaenda, ukuta wa jikoni ukalala chini. Siku tatu alikaa juu ya kichuguu, yeye na kuku wanne na mzigo wake wa ukindu.

Maji yalipopungua, walioharibikiwa waliandikishwa ili wapewe viwanja kule juu, ng'ambo ya barabara. Majina sitini na mawili yakabandikwa ubaoni. Mbele ya karibu kila jina palikuwa na neno moja la Kiingereza. Mbele ya jina lake palikuwa na neno jingine.

"Nimeishia darasa la tatu, lakini herufi nazijua," anasema. "Nikasoma pe, ndi. Penda. Nikasema alhamdulillahi, mimi wamenipenda. Niulize nini tena, na neno linajisoma lenyewe?"

Neno la wenzake hakulielewa, akawaonea huruma. Akampikia jirani yake, Mwantum, muhogo wa nazi, akaupeleka kumpa pole.

Mwantum anacheka akikumbuka, kisha anafuta macho kwa pindo la kanga. "Akaniambia, 'Shoga, usilie, watakupenda na wewe.' Nikaula muhogo wake wote. Wallahi nami sikujua kitu!"

Bi Sihaba akaingia kazini. Alitaka mkeka wa kwanza wa nyumba mpya uwe na neno lile, ili kila mgeni alione. Akalinakili kwenye kipande cha boksi, akalisuka herufi kwa herufi.

Siku ya kugawa viwanja alipanda na mkeka kichwani. Majina yakaitwa, la kwake likarukwa. Akamfuata karani aliyeshika karatasi.

"Mama, mbona hukuja ndani ya siku kumi na nne tangu majina yabandikwe?" karani akamuuliza. "Jina lako lilisimamishwa."

Kisa ni herufi moja. Siku ya kuandikishwa alilitaja jina lake kama wanavyolitaja nyumbani kwao, Siaba, na ndivyo lilivyoandikwa. Kitambulisho kinasema Sihaba. Ilitakiwa barua ya mtendaji kuthibitisha kuwa ni mtu yuleyule, ukurasa mmoja tu. Wawili wengine waliowekewa neno lile waliuliza, wakaileta barua, wakapata. Yeye siku hizo kumi na nne alikuwa anasuka.

Aliyemfungulia kamusi ni Mwalimu Saadi, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi.

"Nilimwambia halina undugu na kupenda," anasema mwalimu. "Waingereza walilipata kutoka Kilatini, na huko shina lake ni kuning'inia. Jambo likiwa hivyo, halijakubaliwa wala halijakataliwa. Limetundikwa."

"Kama nyama buchani?" Bi Sihaba alimuuliza.

"Kama nyama buchani, mama."

Mwalimu anasema neno limeshazagaa hata huku. Pesa ya simu ikikwama, vijana husema iko pendingi. Msichana akiposwa asijibu, kamweka mtu pendingi. "Wanalitumia sawasawa kabisa," anasema. "Ila hakuna aliyewahi kulitumia mbele ya Bi Sihaba."

Mwalimu alimwandikia barua ya kuomba afikiriwe tena. Huu ni mwezi wa nne, jibu hakuna, na inasemekana viwanja vimekwisha. Mwantum kwenye chake ameshajenga na kuezeka bati. Akishuka kumtazama mwenzake, hupiga hodi kwa utani.

"Hodi! Mpenzi wa ofisi yupo?"

"Pita, shoga. Nimening'inia hapa."

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Mwantum humwambia ahamie kwake. "Chumba kimoja, watu saba," anasema Bi Sihaba. "Mimi nitalala wapi, juu ya hilo bati?"

Masika mengine yameingia. Kila asubuhi anachomeka kijiti ukingoni mwa maji ili ajue yametembea kiasi gani usiku. Usingizi haupati tena kama zamani. Mvua ikipiga, hukaa kitako kitandani na kusikiliza.

Juu ya mlango, kwenye fito, amebana kipande kingine cha boksi. Alimwomba mwalimu amwandikie lile neno la wenzake, alijue kwa sura: APPROVED, yaani limekubaliwa.

"Rangi ya kijani ninayo," anasema, akilipima pengo la mkeka kwa shubiri. "Nikiliona mbele ya jina langu, nitalisuka hapa hapa. Pengo litakuwa la herufi saba, na neno hilo lina nane. Nitabana."

Na asipoliona?

Anaweka kisu chini, anajikung'uta, anakwenda kutazama kijiti cha jana. Hakionekani. Anavunja kingine, anakichomeka hatua tano kutoka mlangoni, kisha anarudi kwenye mkeka, kwenye herufi ya tatu.